Kamera ya dereva haimwoni anayempangia safari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu swali linaloniudhi kila inapotajwa kamera ya ndani ya gari la mizigo, ile inayomwelekea dereva usoni: "Kama hana la kuficha, anaogopa nini?" Wengi wanaouliza hivyo hufunga mlango wa ofisi wakitaka kuzungumza na nyumbani kwa simu. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kutoka hapo Zambia au Kongo, hana mlango wa kufunga. Kebini ndiyo ofisi yake na mahali pake pa kula, na foleni ya mpakani isiposogea, humo humo ndimo anamolala. Humo anabadilisha nguo, anaswali, anagombana na mkewe kwa simu na kupatana naye. Hata kijana wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anayesambaza soda na unga madukani hula wali wake wa mchana akiwa kwenye usukani. Staha si dalili ya hatia. Katiba yetu, ibara ya 16, inayapa hifadhi maisha binafsi ya kila mtu, na sijaona mahali inapowatoa wanaofanya kazi ndani ya gari la mtu mwingine.

Wenye kampuni watasema gari ni lao. Ni kweli, na ndiyo maana sina ugomvi na kamera inayotazama barabarani. Hiyo mara nyingi humwokoa dereva mwenyewe, pale bodaboda inapochomoka pembeni na watu wakakimbilia kulilaumu lori. Kifaa cha kuonyesha gari liko wapi na linakwenda kasi gani nacho sikipingi. Mabasi ya abiria yamefungwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, na sisi tunaoyapanda tunashukuru. Wizi wa mafuta upo pia, basi wafunge kipimo kwenye tangi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uso wa mtu. Tatizo ni kwamba vyote vinauzwa na kufungwa kwa pamoja, na ukihoji kimoja unaambiwa unatetea wezi na ajali.

Hoja ya ajali ndiyo nzito, kwa hiyo niijibu kwa mfano unaojulikana. Mwaka 2021 Amazon kule Marekani ilianza kufunga kwenye magari ya kusambaza vifurushi kamera za kampuni ya Netradyne zenye lenzi nne: moja inatazama mbele, mbili pembeni, na ya nne inamtazama dereva. Amazon ilieleza kuwa katika majaribio yake ya mwaka 2020 ajali zilipungua kwa asilimia 48, kuendesha bila mkanda kwa asilimia 60, na kuendesha huku akili iko kwingine kwa asilimia 45. Ni hesabu za kampuni yenyewe, lakini nazichukua kama zilivyo. Hazituambii ni lenzi ipi iliyopunguza nini. Gari lililo mbele huonwa na lenzi ya mbele, na mkanda ukifungwa au usipofungwa, kufuli lake linatosha kutoa taarifa. Kinachobaki kwa lenzi ya ndani ni simu na usingizi, na hapo nakubali kuna jambo, kwa sababu usingizi barabarani unaua. Lakini dereva anayesinzia Mikumi saa kumi alfajiri si yeye aliyeamua kwamba mzigo ufike Tunduma jioni hiyo. Yupo mtu aliyekaa Dar akampa mteja ahadi, akapanga muda, na posho ya dereva ikafungwa kwenye idadi ya safari. Chumba alichokaa mtu huyo hakina kamera. Jicho likifumba linarekodiwa, ila ratiba iliyomnyima dereva usingizi hairekodiwi, na siku ya kikao cha nidhamu mwajiri anakuja na video huku dereva akija na maneno matupu. Anayetaka usalama kwa dhati aanze na saa za kupumzika na jinsi posho inavyolipwa. Huko ni ghali kuliko kununua lenzi, nami nadhani hiyo ndiyo sababu hakuanzwi.

Wapo watakaosema dereva alisaini mwenyewe. Madereva wale wa Amazon nao walitakiwa kusaini mwaka huo wa 2021, pamoja na kuruhusu taarifa za nyuso zao, na asiyesaini alikosa kazi. Saini ya namna hiyo inathibitisha shida ya mtu, ridhaa yake haimo. Ulaya wasimamizi wa faragha wanalifahamu hili, hawaitegemei sana ridhaa ya mfanyakazi kwa bosi wake. Mwishoni mwa 2023 mamlaka ya Ufaransa iliitoza kampuni ya maghala ya Amazon nchini humo faini ya euro milioni 32, sababu mojawapo ikiwa ni kuupima kwa dakika muda ambao skana ya mfanyakazi haikutumika. Na huko huko Marekani, chama cha wafanyakazi cha Teamsters kilipojadiliana na kampuni ya vifurushi ya UPS mwaka 2023, kamera za kumwelekea dereva zilifikishwa mezani sawa na mshahara. Kwetu vyama vya madereva husikika zaidi siku ya mgomo.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, na inampa mtu haki anapoamuliwa jambo na mashine peke yake. Wenye dhamana watoke basi waiseme kwa lugha ya gereji: kamera ya ndani izimike injini ikizimwa, dereva apewe nakala ya video inayomhusu, na asikatwe shilingi kabla ya kusikilizwa na binadamu.

Na maadamu tunazungumzia mwendo, kuna misafara ya waheshimiwa inayotusukumia mitaroni kwa ving'ora, ikikimbilia semina ambayo nina hakika isingeanza bila wao. Kama kamera ya usoni inaokoa maisha kiasi hicho, ifungwe kwanza kwenye magari yenye namba za serikali, tuone nani amefunga mkanda na nani anachati. Gari ni la mwajiri, si ndivyo? Magari hayo tumeyanunua sisi kwa kodi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam