Mchuzi si Samaki: Fikra juu ya Bakuli la Wali katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero ni miongoni mwa sehemu chache za nchi zilizojaliwa neema mbili kwa pamoja: mpunga na samaki. Kaskazini-magharibi mwake inasimama Milima ya Udzungwa, na kusini-mashariki Milima ya Mahenge. Katikati hupita Mto Kilombero, ambao hutapakaa mbugani wakati wa mvua na kurudi katika kingo zake kiangazi kinapoingia. Mafuriko hayo ndiyo yanayonywesha mashamba ya mpunga, na ndiyo yanayowapa samaki mahali pa kuzaliana. Wandamba wameyafuata maji hayo kwa vizazi vingi, jembe mkono mmoja na nyavu mkono wa pili. Mwaka 2002 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mtu angetazamia kwamba mahali kama hapo suala la lishe limekwisha kutatuliwa. Lakini wahenga walikwisha kuonya kwamba penye miti hapana wajenzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Tena mkoa wa Iringa, ulio ng'ambo ya pili ya Udzungwa na unaosifika kwa mavuno ya nafaka, ulikuwa na udumavu wa zaidi ya nusu ya watoto wake. Ni kweli kwamba udumavu na upungufu wa damu vina sababu nyingi, zikiwamo malaria, minyoo na maji machafu. Hata hivyo, fundisho moja ni dhahiri: ghala lililojaa halithibitishi kwamba mtoto amelishwa. Wala bakuli lililojaa halithibitishi.

Bakuli la wali na samaki, chakula cha kawaida cha Ifakara, hupoteza thamani yake mahali patatu kabla ya kumfikia mlaji: mashineni, chunguni, na wakati wa kupakua.

Mahali pa kwanza ni mashineni. Punje ya mpunga ina ganda gumu la nje, yaani kumvi, ambalo ni takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kumvi hazifai kuliwa, na hapana ubishi juu ya kuziondoa. Chini yake kuna utando laini, na ncha moja ya punje ina kiini ambacho ndicho kingeota. Utando na kiini hicho ndivyo vyenye sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini, mafuta na nyuzinyuzi. Punje ikibaki na utando huo huwa mchele wa kahawia. Ukikwanguliwa, hupatikana mchele mweupe unaong'aa, na utando huwa pumba. Kwa hesabu ya vitamini B1, mchele mweupe hubakiwa na chini ya nusu ya ile iliyokuwamo katika mchele wa kahawia. Basi mlaji hununua weupe, na kuku hupewa lishe.

Habari hii ya kuku si mzaha. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani Java, aliona kuku wa maabara yake wakipooza miguu kwa namna iliyofanana na ugonjwa wa beriberi uliowaua watu wengi wa huko. Kuku hao walikuwa wamelishwa wali mweupe. Walipopewa mchele usiokwanguliwa, walipona. Eijkman mwenyewe alidhani mwanzoni kwamba wali mweupe una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyetambua mwaka 1901 kwamba tatizo lilikuwa upungufu: kitu fulani muhimu kilikuwa kimeondolewa pamoja na pumba. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kwa mwanafunzi wa sayansi, kisa hiki kina mafunzo mawili: kwamba chakula kinaweza kudhuru kwa kile kisichokuwamo, na kwamba mtafiti hodari anaweza kuona jambo la kweli na bado akakosea kulieleza.

Mahali pa pili ni chunguni. Vitamini za kundi B huyeyuka katika maji. Mchele unaooshwa mara nne au tano, kisha ukapikwa kwa maji mengi yanayomwagwa, hupoteza hata kile kidogo kilichosalia. Mboga za majani zinazochemshwa mpaka zikabadilika rangi, na maji yake yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma. Hakuna moja katika makosa haya linalotokana na umaskini. Yote hutokana na mazoea, na mazoea hubadilishwa kwa elimu.

Mahali pa tatu ndipo penye uzito zaidi, nako ni wakati wa kupakua. Katika nyumba nyingi samaki hugawanywa kwa heshima ya mtu badala ya mahitaji ya mwili. Baba na mgeni hupata minofu, wakubwa hupata mkia, na mtoto mdogo hupata wali uliomwagiwa mchuzi. Mchuzi una harufu ya samaki na ladha ya samaki, lakini sehemu yake kubwa ni maji. Protini inayojenga misuli imebaki katika mnofu, na kalsiamu inayojenga mifupa imebaki katika mifupa ya samaki. Mtoto huyo ameshiba kweli, lakini ameshiba wanga. Pasingekuwa na samaki nyumbani, jambo hilo lingeitwa ufukara; samaki akiwapo, hapana budi liitwe kwa jina lake, yaani mgawo mbaya.

Basi bakuli jema ni lipi? Ni lile lenye sehemu nne, kila moja ikiwa na kazi yake. Kwanza nafaka: wali wa mchele wa kahawia, au uliokobolewa kwa kiasi, au mchanganyiko wa mchele wa kahawia na mweupe kwa familia inayoanza kujizoeza. Mchele wa kahawia ulowekwe kwa saa chache, upikwe kwa maji yatakayokauka yote, na upewe muda mrefu zaidi jikoni. Pili samaki: perege, kambale au kitoga wa mtoni, wa kuchemsha, wa kuoka au wa kukaushwa kwa moshi, na asipopatikana, dagaa. Dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, na kwa hiyo hutoa protini na kalsiamu kwa mkupuo. Desturi ya kuvitupa vichwa vyake yafaa ifikiriwe upya. Tatu mboga: matembele, mchicha, majani ya maboga, kisamvu au bamia, zikipikwa kwa muda wa kutosha tu na kutiwa mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta huusaidia mwili kupokea vitamini A. Nne kichachu au tunda: limau, nyanya mbichi, kipande cha embe au papai. Vitamini C iliyomo humo huongeza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyo katika mboga, na samaki naye huongeza ufyonzwaji huohuo. Hivyo sehemu hizi nne husaidiana, na moja ikikosekana nyingine hupungukiwa na nguvu.

Uzuri wa bakuli hili ni kwamba linaweza kupimwa kwa mlaji wake. Anayetoka kupalilia mpunga tangu alfajiri ataongezewa wali. Mwenye kisukari atapunguziwa wali na kuongezewa mboga. Mama mjamzito ataongezewa samaki na majani. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kulishwa atapewa wali uliopondwa pamoja na mnofu uliotolewa miiba yote, au unga wa dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa. Chungu ni kimoja, mabakuli ni mbalimbali.

Katika miji ya ng'ambo bakuli la nafaka na samaki limekuwa siku hizi chakula cha fahari, na lile liitwalo poke, lenye asili ya Hawaii, hutumia samaki mbichi wa baharini. Vijana wanaovutiwa na mtindo huo wanapaswa kuelewa kwamba samaki wa mtoni na wa bwawani huweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru binadamu, na kwa hiyo sharti wapikwe wakaive kabisa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mchele wa kahawia haupendwi sokoni, hukawia kuiva, na huharibika upesi. Hoja hizo zina ukweli: mafuta yaliyo katika utando huchacha, na kwa sababu hiyo mchele huo ukobolewe kidogo kidogo kadiri ya matumizi, mpunga ukibaki ghalani. Nyumba yenye mpunga wake haihitaji kungoja soko libadilike. Inahitaji tu kumwambia mwenye mashine akwangue kidogo. Wengine watasema kwamba samaki mkubwa ni fedha, naye huuzwa ili kulipia ada na dawa. Auzwe, lakini sehemu ndogo ya fedha hizo irudi nyumbani kwa sura ya dagaa.

Ifakara imefahamika katika ulimwengu wa sayansi tangu mwaka 1957, ilipoanzishwa maabara ya Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Utafiti wa mpunga nao umefanyika hapo kwa miaka mingi, na mbegu kama SARO 5 zimewaongezea wakulima mavuno. Sayansi, basi, imefika hospitalini na imefika shambani. Jikoni bado inabisha hodi. Mwaka 1975 taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, na wananchi wengi walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili lishe. Kazi hiyo haikukusudiwa kuwa ya mwaka mmoja.

Shule za sekondari za bonde hili zinaweza kuiendeleza bila gharama kubwa. Darasa la biolojia lipime gramu 100 za mchuzi, liukaushe juu ya moto mdogo, na lipime kilichobaki. Kisha lifanye vivyo hivyo kwa gramu 100 za samaki. Wanafunzi watumie ayodini kutafuta wanga na kipimo cha biureti kutafuta protini katika wali, katika pumba na katika mnofu. Matokeo wayaandike, wayapeleke nyumbani, na wayasome mbele ya wazazi kabla ya upawa kuingia chunguni.

Mwanafunzi atakayefanya hivyo atakuwa amefaulu somo lake, hata kabla ya mtihani. Na mdogo wake, aliyezoea kupewa mchuzi, jioni hiyo atapewa samaki.