Ziwa Naivasha Linaanzia Kinangop

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Mto Malewa, unaolipatia sehemu kubwa ya maji yake, unateremka kutoka Milima ya Aberdare; Gilgil huongeza kidogo, na Karati hutiririka msimu wa mvua tu. Maji yakishaingia huondoka kwa njia mbili: hupaa na jua, au hupenya chini kwa chini. Huko kupenya ndiko kunakolifanya liwe ziwa la maji baridi katika bonde lenye maziwa mengi ya magadi, kwa kuwa chumvi huondoka pamoja na maji. Udongo, mbolea na kinyesi havina bahati hiyo. Sehemu kubwa yake hutua sakafuni, na sakafu yenyewe haiko mbali: ukiacha shimo la volkeno lililo kando ya Crescent Island, kina ni cha mita chache tu. Kila alasiri upepo ukivuma, tope hukorogwa, na fosforasi iliyotua miaka iliyopita hurudi majini kulisha mwani. Ziwa lenye kina kirefu lingeificha taka hiyo gizani; hili letu huirudisha juu kama sufuria inayokorogwa. Kwa hiyo nawaomba wananchi wa Nyandarua na Nakuru tuache kulitibu ziwa ziwani. Tulitibu kule maji yanakotoka, huko juu Kinangop.

Ziwa hili limewahi kuwa na walinzi. Mafunjo yaliota kwa wingi mdomoni mwa Malewa na kuuzunguka ufuo, yakipunguza kasi ya mto ili tope litue kabla ya kufika maji ya wazi. Chini ya maji kulikuwa na majani yaliyoshika sakafu. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, nao wakayafyeka majani hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia gugumaji. Mafunjo nayo yakapungua kila maji yaliposhuka na ufuo ukawa shamba au malisho. Mapema mwaka 2010, baada ya ukame uliolishusha ziwa mno, mvua zilirudi na samaki wakafa kwa wingi. Wengi walizinyooshea kidole dawa za mashamba ya maua, lakini uchunguzi ulielekeza zaidi kwenye upungufu wa oksijeni: maji machache, uchafu mwingi ulioingia kwa mkupuo, na bakteria wanaouozesha huku wakiimaliza hewa ambayo samaki wanaihitaji.

Sisemi hivyo ili kuyasafisha mashamba ya maua. Yanavuta maji mengi, yanatumia dawa kali, na yanastahili kupimwa bila kupewa taarifa mapema. Lakini ugomvi juu yao umekuwa kichaka cha kujifichia wengine wote. Mkulima wa viazi na kabeji anayelima hadi ukingoni mwa mto hupoteza udongo wake wenye rutuba kila masika, na hasara yake ndiyo inayolifanya ziwa liwe kijani. Mitaa ya wafanyakazi kama Karagita imekua haraka kuliko mabomba ya maji taka, watu wakabaki na vyoo vya shimo karibu na ufuo. Ukilifunga shamba la maua la mwisho leo, Malewa utaendelea kuleta tope, na vyoo vitaendelea kuvuja.

Wako wanaosema ziwa limejaa, basi limepona. Ni kweli kwamba limepanda sana tangu ukame ule. Mwaka 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto na kuwatoa watu majumbani mwao. Lakini wingi wa maji haulingani na usafi wake. Mafuriko yakifunika mtaa wenye vyoo vya shimo, kilichokuwa kinavuja polepole huingia ziwani moja kwa moja. Tena kinachopanda hushuka. Oloidien, ziwa dogo la jirani, lilipotengwa na maji makuu kina kiliposhuka lilianza kuwa la magadi hadi flamingo wakahamia huko, ingawa jua na mvua ni zile zile.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mdogo: nikiacha ukanda wa ardhi kando ya mto, watoto watakula nini? Jibu lisiwe hotuba. Takriban miaka 15 iliyopita, kupitia mradi wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji wa maji wa huku chini waliwalipa wakulima wa juu kwa vocha za pembejeo, nao wakapanda nyasi kingoni na kuchimba matuta. Nyasi ya napia ikishika udongo hulisha pia ng'ombe, kwa hiyo ukanda ule si ardhi iliyotupwa. Kasoro ilikuwa udogo wa mpango. Hoteli, mashamba ya maua na wenye malori ya kuuza maji wote wananufaika na Malewa. Wachangie kwa kadiri ya maji wanayochota, na fedha zipande mlimani kila msimu, si mradi unapofika tu.

Na atakayesema hiyo ni kazi ya serikali asome Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Cha 69 kinamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya dola kuyalinda. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, na vyama hivyo vina viti vitupu kwa sababu hatuendi. Twende. Tudai mafunjo yarudishwe mdomoni mwa Malewa na yasilishwe mifugo, na kaunti ipeleke magari ya kunyonya vyoo Karagita na Kihoto kwa bei ambayo mpangaji anaimudu. Tudai pia vipimo vya kila mwezi vya fosforasi, uangavu wa maji na oksijeni ya alfajiri, saa ambayo oksijeni huwa ndogo kabisa, vibandikwe kwa Kiswahili sokoni Naivasha na katika masoko ya Kinangop, karatasi ile ile pande zote mbili.