MTI UKISHALALA, HATARI HAIJALALA



Kuna methali ambayo makapita wengi wanaipenda kuliko sheria yoyote ya kazi: "Ajali haina kinga." Kijana akikatwa mguu na msumeno katika shamba la miti, methali hutolewa, pole hutolewa, na kesho yake kibarua mwingine anakabidhiwa msumeno ule ule. Mimi nasema kwamba katika kazi ya msumeno wa mnyororo methali hiyo haifai. Ajali zake nyingi zina kinga, na kinga yenyewe inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuilipia.

Jambo hili si la wakata miti peke yao. Chai tunayoichuma hapa Rubavu haikaushwi na jua. Inahitaji joto, na katika viwanda vingi vya chai nchini Rwanda joto hilo hutoka kwenye kuni za mikaratusi. Basi mchumaji bondeni, mfanyakazi wa tanuri kiwandani na kijana mwenye msumeno mlimani, wote wanafanya kazi moja. Damu ya mmoja imo katika mshahara wa wote.

Watu wengi hudhani hatari ni pale mti unapoanguka. Kwa sababu hiyo mzoefu hupewa kuangusha, na vijana wageni huachiwa ile inayoitwa kazi ndogo: kutoa matawi na kukata shina vipande. Hapo ndipo tunapokosea. Mti ulioanguka haujafa nguvu. Uzito wake umelalia matawi ya chini, na mengine yamepindwa kama upinde wa mtego. Ukilikata tawi lililopindwa bila kulitazama, linafyatuka na kukupiga usoni au kuurudisha msumeno kwako. Matawi yanayobeba shina yakikatwa mapema, shina lote linageuka, na mguu wako uko chini yake.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, uzunguke mti na kuusoma. Jiulize gogo limebanwa upande gani na limevutwa upande gani. Gogo lililoshikwa ncha zote mbili, kama daraja, limebanwa juu na kuvutwa chini. Anza juu, ukate kiasi cha theluthi moja ya unene, kisha umalizie kutoka chini. Gogo lililoshikwa ncha moja na jingine likaning'inia, limebanwa chini. Hapo anza chini, umalizie juu. Kanuni ni moja: anza upande uliobanwa, malizia upande uliovutwa. Anayekwenda kinyume, gogo linapasuka au linaubana msumeno, naye huanza kuuvuta kwa nguvu, jambo ambalo ni hatari ya pili. Kabari ni kitu cha bei ndogo. Ipigwe katika mkato, msumeno utatoka wenyewe.

Tena kuna teke la msumeno. Mnyororo huzunguka juu ya chuma kirefu kinachoitwa bapa. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa hilo ikigusa tawi au gogo jingine, msumeno hurushwa juu kuelekea uso na shingo kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuizuia. Ndiyo maana hatukati kwa ncha, hatuinui msumeno kupita bega, na hatushiki kwa mkono mmoja hata kwa tawi dogo. Mikono yote miwili ishike, na kidole gumba kizungushwe kwenye mshikio wa mbele. Breki ya mnyororo ijaribiwe kila asubuhi. Msumeno ambao breki yake imekufa ni wa kupelekwa kwa fundi, si kwa kibarua. Unapotoa matawi, shina liwe kati yako na msumeno. Ukihama kutoka tawi hadi tawi, funga breki kwanza.

Milima yetu nayo ina sheria yake. Simama upande wa juu siku zote, kwa sababu gogo lililokatwa hubingirika kwenda chini. Mtu yeyote asiwe chini yako, wala anayefunga kuni, wala mtoto anayeokota matawi. Na mvua ikinyesha, kazi isimame. Wote tunaokumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na milima ya Mkoa wa Magharibi ikaporomoka na kuua watu zaidi ya 100, tunajua udongo wa huku ukishashiba maji haushiki mguu wala gogo.

Sasa tuje kwenye vifaa. Mkataji anahitaji kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, glavu, buti zenye chuma mbele, na suruali ya kinga. Suruali hiyo ina tabaka za nyuzi ndefu ndani yake. Mnyororo ukiigusa, nyuzi huchomoka, hujisokota kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo na kuusimamisha. Suruali ya kawaida haiwezi hivyo. Mahali pamoja nilipotembelea, ambapo sitapataja, nilikuta kofia moja kwa watu watano, na aliyeivaa alikuwa kapita.

Yako pia madhara yasiyotoa damu. Ngurumo ya msumeno hupita desibeli 100, na masikio yakishaharibika hayarudi. Mtetemo wake, mwaka baada ya mwaka, huharibu mishipa ya vidole. Asubuhi ya baridi vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi. Mnyororo butu huongeza mtetemo na kumchosha mtu. Ukiona msumeno unatoa vumbi laini badala ya vipande vya mbao, simama uunoe.

Wengine watasema: "Vijana wenyewe ni wazembe, hawataki kufuata maagizo." Nawajibu: tazameni wanavyolipwa. Kuni hupimwa kwa steri, na anayelipwa kwa steri hulipwa kwa haraka yake. Dakika tano za kuzunguka mti na kuusoma hazilipwi na mtu. Kunoa mnyororo hakulipwi. Kungoja mvua ipite hakulipwi. Malipo yakishampangia mtu kukimbia, kumwambia atembee polepole ni kumdhihaki.

Na sheria iko upande wetu. Sheria ya kazi ya Rwanda Na. 66 ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kinga. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1998 mwongozo mzima wa usalama katika kazi za misitu, na Juni 2022 likaweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Katika RSSB, mwajiri ndiye anayelipa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Lakini kibarua ambaye jina lake halikuandikwa, akiumia huuza mbuzi wake ajitibu.

Basi tunadai mambo manne. Kwanza, asishike msumeno mtu ambaye hajafundishwa, na mafunzo yawe katika saa za kazi zenye malipo. Pili, kila mkataji apewe vifaa kamili, bila kukatwa mshahara. Tatu, anayekata alipwe kwa siku, au bei ya steri ihesabu muda wa kusoma mti, kunoa na kupumzika. Nne, kila kibarua aandikishwe RSSB kabla ya kupanda mlimani, hata kama ameletwa na mwenye msumeno wa kukodi.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Mwenzako akikataa kukata kwa sababu breki haifanyi kazi, usichukue nafasi yake. Akisimama mmoja atafukuzwa. Tukisimama ishirini, breki itatengenezwa siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.