Mashine kuukuu ya kufunga nyasi: Mkulima mdogo apige hesabu kwanza

KIANGAZI kilichoikumba nchi kati ya 2020 na 2023 kiliwaachia wafugaji kilio na funzo. Misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikaangamia katika kaunti kame. Waliokuwa wamehifadhi nyasi kavu, maarufu kama hei, waliponea chupuchupu, na wenye ziada wakapata soko tayari.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya wakulima wenye mashamba madogo wamegeukia upanzi wa nyasi aina ya Boma Rhodes. Lakini penye nyasi pana swali: je, mtu mwenye ekari tano au kumi anunue mashine kuukuu ya kufunga marobota, au aendelee kukodi ya jirani?

Wauzaji wa mashine hizi hutaja bei ya kuvutia, hasa inapolinganishwa na ile ya mashine mpya. Hata hivyo, bei ya kununulia ni mlango tu. Gharama yenyewe imo ndani ya nyumba. Mashine ya kufunga haikati nyasi wala haikusanyi. Sharti pawe na trekta yenye nguvu za kutosha, mashine ya kukata na reki ya kukusanya nyasi katika mistari. Asiye na hivyo vyote atanunua kimoja na kubaki mpangaji wa vingine.

Tuchukue mfano. Mkulima ana ekari 10, anavuna mara mbili kwa mwaka na kupata marobota 200 kwa ekari kila mavuno. Hayo ni marobota 4,000. Tuseme akikodi mashine hutozwa Sh40 kwa robota, ilhali akiwa na yake atatumia Sh20 kwa kamba, mafuta, dereva na matengenezo. Ataokoa Sh80,000 kwa mwaka. Ikiwa mashine ilimgharimu Sh600,000, itamchukua miaka saba na nusu kurejesha fedha zake.

Mwenye ekari tatu ataokoa Sh24,000 pekee. Yeye atahitaji miaka 25, na sidhani kama kuna mashine kuukuu itakayomsubiri hadi wakati huo.

Hali huwa mbaya zaidi kwa anayekopa. Kwa riba ya asilimia 15, deni la Sh600,000 ambalo halijapunguzwa hudai Sh90,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya kile mwenye ekari 10 alichotarajia kuokoa. Atakuwa anaifanyia benki kazi huku akijiita mwenye mali.

Hata hivyo, itakuwa si haki kuifunga hesabu hapo. Mavuno ya nyasi ni vita dhidi ya wingu. Nyasi zinafaa kukatwa zinapoanza kuchanua. Zikiachwa hadi mbegu zikomae, shina huwa gumu na lishe hupungua. Zikishakatwa, huhitaji siku chache za jua. Zikifungwa zikiwa bado na unyevu hupata joto na kuota ukungu, na zikinyeshewa zikiwa chini huharibika kabla hata hazijafika ghalani.

Mwenye mashine ya kukodi huanza na mashamba makubwa, na mkulima mdogo hufikiwa mwisho. Mvua ikimtangulia na kuharibu marobota 2,000 ambayo yangeuzwa Sh250 kila moja, hasara ni Sh500,000. Hapo mashine iliyoonekana ghali inakuwa rahisi. Kwa hivyo swali la kwanza si bei ya mashine, bali ni mara ngapi katika miaka mitano iliyopita mkulima alichelewa kufungiwa nyasi zake. Ikiwa hajawahi kuchelewa, aendelee kukodi. Ikiwa huchelewa kila msimu, ana sababu ya kununua.

Anayeamua kununua asifanye hivyo kwa kutazama rangi. Rangi mpya huficha kutu nyingi. Adai mashine ifungwe kwenye trekta, ipelekwe shambani na ifunge marobota yasiyopungua 20 mbele ya macho yake. Aangalie mafundo: moja likiteleza katika kila marobota matano, kifaa cha kufunga fundo kimechakaa, na hicho ndicho moyo wa mashine na kiungo kigumu kurekebisha. Akague sindano zinazopitisha kamba, meno ya kuokotea nyasi, minyororo na visu. Aidha, auze sikio lake kwa sauti ya giaboksi.

Jambo jingine ni vipuri. Fundi wa jua kali anaweza kuchomelea fremu au kubadilisha beringi, lakini si rahisi kuchonga vipande vya fundo. Mkulima atafute kwanza vipuri vya modeli hiyo madukani, ndipo atoe pesa. Mashine iliyoharibika siku ya jua haina faida kuliko ile ambayo haikununuliwa.

Kwa wengi, jibu bora liko katikati. Mwenye ekari moja au mbili anaweza kutumia sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Nyasi hukanyagiwa ndani kwa miguu, na robota la takriban kilo 20 hufungwa kwa kamba ya katani bila tone la dizeli.

Walio na zaidi ya hapo waungane. Hata mashine inayofunga marobota 100 tu kwa saa itafanya kazi saa 40 kwa mwaka katika shamba la ekari 10, kisha ilale. Wakulima 10 wenye ekari tano kila mmoja wana marobota 20,000. Kwa hesabu ile ile wataokoa Sh400,000 kwa mwaka, na mashine itajilipia kwa mwaka mmoja na nusu. Lakini waandike mapema zamu za kuvuna na mchango wa matengenezo, la sivyo ugomvi utawavuna wao kabla ya nyasi.

Kaunti nazo, ambazo zimekabidhiwa jukumu la kilimo tangu 2013, zina wajibu hapa. Mashine za umma za kukodisha zina maana tu zikifika shambani kabla ya mvua.

Kiangazi kingine kitakuja, hilo halina shaka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mashine kuukuu mikononi mwa mtu mmoja mwenye deni huenda isimwokoe ng'ombe hata mmoja.