Baada ya Tanga Kuanuliwa

Jumuiya yetu inajua kupokea msiba. Habari ya kifo ikitoka nyumbani usiku, ndugu hawampigii mfiwa. Wanamtafuta mtu mwingine wa hapa Minnesota, naye anakusanya wawili watatu, wanaongozana hadi mlangoni kwake. Tukiweza kuzuia, hakuna anayeambiwa akiwa peke yake katikati ya zamu kuwa mama yake amefariki. Kabla hakujapambazuka kuna mtu jikoni anachemsha chai ya tangawizi, viatu vimejaa mlangoni, makochi yamesukumwa ukutani ili mikeka ipate nafasi, na mweka hazina ameshafungua daftari la rambirambi. Waislamu watasoma hitma, Wakristo wataimba na kusali, na aghalabu nyuso ni zilezile katika misiba yote. Wote wanaojitolea hivyo tunawashukuru kwa dhati.

Kinachotusumbua ni siku ya nne. Mikeka inakunjwa, sufuria zinarudi kwa wenyewe, na mfiwa anarudi kazini. Wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba za wazee. Fikiria mtu aliyefiwa na mama yake Jumatatu, halafu Ijumaa anamwogesha mama wa mtu mwingine, anamchana nywele, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, huku akijua kwamba mama yake mwenyewe hakupata kumshika mkono hata mara moja alipougua.

Nyumbani, tanga likianuliwa mfiwa habaki mikono mitupu. Shangazi analala hapo mpaka arobaini ipite. Kuna nguo za marehemu za kugawa, kaburi la kwenda kupalilia, madeni ya kulipa, wageni waliochelewa wanaotaka kusimuliwa upya jinsi ilivyokuwa, na hata ugomvi wa nani achukue kabati. Shughuli zote hizo ni maombolezo, ingawa hakuna anayeziita hivyo. Mtu analia kidogo kidogo huku akifanya kazi, na waliomzunguka wanalia naye. Huku ugenini mfiwa anabaki na simu tu.

Hali ni ngumu zaidi kwa asiyeweza kusafiri. Anayesubiri uamuzi wa maombi yake ya hifadhi, akitoka nchini bila kibali cha kusafiri, huhesabiwa kuwa ameyaacha maombi hayo. Na hata mwenye karatasi zake kamili, kama ni Mwislamu, atafika na kukuta maziko yamekwisha, maana safari ya kutoka Minneapolis hadi Dar es Salaam inamaliza siku nzima na zaidi, na maiti hasubirishwi.

Dada mmoja wa jumuiya yetu ameturuhusu tueleze yaliyomkuta bila kumtaja. Mama yake alizikwa Pangani baada ya alasiri, ambayo kwa hapa ilikuwa saa mbili asubuhi. Alifuatilia maziko akiwa garini nje ya kazini kwake, mpwa wake akiwa ameshika simu kule makaburini. Mtandao ulikatika mwili ulipokuwa unateremshwa. Alisubiri, haukurudi, akafuta uso akaingia kazini. Baada ya muda alipata karatasi, akaenda. Alikuta chumba cha mama kimepakwa rangi mpya na kitanda kimehamishwa. Wadogo zake walikuwa wanacheka sebuleni, walishalia, wakamaliza. Yeye ndiyo kwanza msiba ulikuwa unamwanza, na wenzake wakamshangaa kwamba bado hajapoa.

Tumshangae na sisi? Wapo wengi kama yeye miongoni mwetu, na tumewazoesha kunyamaza. Tunawaambia kazi ya Mungu haina makosa, tunawaambia wajikaze, tunawaambia marehemu amepumzika. Maneno haya yana imani ndani yake na hatuyakatai. Lakini yakitamkwa mapema mno humfunga mtu mdomo kabla hajasema lake. Wanaume ndio wanaoumia zaidi kwa hili, maana wao huambiwa wajikaze kabla ya pole yenyewe. Bora kumuuliza mfiwa: mzee wako alikuwa mtu wa namna gani? Kisha ukae usikilize, hata kama itachukua saa mbili.

Watoto waliozaliwa huku nao wasisahauliwe. Bibi waliyemjua kwa simu ya video ni bibi yao vilevile.

Kuna jambo la haki ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Minnesota ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, iliyoanza Januari 2024, inampa mfanyakazi saa moja ya likizo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi angalau saa 48 kwa mwaka, na saa hizo zinaweza kutumika kwa shughuli za mazishi na kumbukumbu ya mwanafamilia. Neno mwanafamilia katika sheria hiyo ni pana: babu, bibi, shangazi, mjomba, hata mtu asiye wa damu ambaye ukaribu wenu ni wa kindugu. Kwa hiyo usijinyime kwa kudhani kwamba mama mkubwa aliyekulea hahesabiki.

Na wapo ambao huzuni yao haipungui. Miezi inapita, mtu hali, halali, hataki hata jina la marehemu litajwe, au haoni sababu ya yeye kuendelea kuishi. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali ya majonzi yaliyopitiliza, yanayodumu zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu kuishi maisha yake, kuwa ugonjwa unaohitaji matibabu. Kumpeleka mtu huyo kwa mtaalamu hakupingani na kumwombea dua. Akizungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake. Piga 988, ni bure usiku na mchana, na wana wakalimani.

Tunaiomba kamati ya jumuiya, katika mkutano ujao, iamue kwamba kila familia inayofiwa itapangiwa watu wawili wa kuitembelea kila wiki mpaka arobaini, kisha mara kwa mara mpaka mwaka utimie. Gharama yake ni ndogo kuliko ya siku moja ya msiba. Lakini wewe unayesoma usingoje kamati. Unamjua aliyefiwa mwaka jana. Nenda kwake Jumamosi hii, umuulize habari za marehemu.