Acheni kusema hatuna kumbukumbu, semeni mnaogopa kuzisoma

Jumapili, saa tano usiku. Umeme ulikatika tangu saa moja, umerudi sasa hivi, na jamaa wa chumba cha jirani wameshafungulia muziki kama vile kesho hakuna kipindi cha saa moja asubuhi. Mi nimekaa na hasira yangu ya wiki nzima, kwa hiyo leo hakuna stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Leo nagombana.

Ilianza Jumanne kantini. Kuna Mzungu mmoja wa Wales yuko hapa kwa muhula mmoja, mpole tu, anapenda chapati maharage. Tukawa tunapiga stori, akatoa simu akanionyesha ukoo wake. Babu wa babu yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Ameandikwa kwenye sensa ya 1881, jina, umri, kazi, mtaa, watoto wote kwa majina. Akasema upande wa bibi yake kuna tetesi kwamba walitoka Scotland kufuata kazi ya migodi, anaendelea kutafuta. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe je?"

Kabla sijafungua mdomo, washkaji watatu wakanijibia kwa pamoja. Mmoja: sisi Waafrika ni masimulizi ya mdomo tu, hatuna maandishi. Mwingine: sisi ni Watanzania bwana, mambo ya ukoo Nyerere alishayamaliza. Wa tatu akacheka, akasema hiyo ni starehe ya watu wenye hela. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akamalizia chapati yake.

Nilinyamaza. Ndiyo maana naandika sasa.

Nianze na huyo wa kwanza, maana ndiye mwenye digrii nyingi mbele yake. Ati hatuna maandishi. Mimi ni mtoto wa Tabora. Mji wetu umeandikwa mpaka wageni wamechoka kuandika. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora hiyo hiyo, Novemba 1857. Stanley alikaa Kwihara 1871, akarudi na Livingstone 1872, na Livingstone akabaki pale kwenye tembe mpaka Agosti mwaka ule akisubiri wapagazi kutoka Unguja. Wote hao waliandika kila kitu: mvua, homa, bei ya shanga, hongo waliyotozwa Ugogo. Na waliandika majina ya watu. Mwishoni mwa kitabu cha Stanley cha safari ya 1874 mpaka 1877 kuna orodha ya majina ya wenzake. Zaidi ya watu 300 waliondoka Bagamoyo, waliofika upande wa pili wa bara ni chini ya nusu. Yako pale, Mabruki, Uledi, Feruzi, Majaliwa. Ni nani kati yetu alishawahi kuisoma kwa nia ya kumtafuta babu yake?

Mtasema majina yenyewe hayasaidii, Mabruki wako wengi. Kweli wako wengi. Lakini na huko Wales kila mtu ni Jones au Davies. Jamaa aliniambia kijiji cha babu yake kilikuwa na akina Jones mpaka wanaitana kwa kazi na kwa nyumba. Hakukata tamaa. Alifananisha umri, mtaa, jina la mke, mpaka akampata Jones wake.

Na msidhani waliandikwa kwa kuwa walikuwa mabwana. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Wachimba makaa wa Scotland walifungwa kwenye migodi kisheria, mgodi ukiuzwa nao wanauzwa na mgodi. Kamba hiyo ilianza kukatwa 1775 na ikakatika kabisa 1799. Watoto wadogo wa Wales na Scotland walikuwa wanashinda chini ya ardhi gizani, na 1842 tume ya serikali ilichapisha maneno yao, majina yao na umri wao. Senghenydd kule Wales, Oktoba 14, 1913, mgodi ulilipuka wakafa wachimbaji 439. Majina yanajulikana. Hao si masultani, ni watu wa chini kabisa, na wajukuu zao leo hawaoni haya kusema babu yangu alikuwa hana mbele wala nyuma. Wanaweka picha ukutani.

Sasa chukua Livingstone mwenyewe, Mskoti aliyeanza kazi kiwanda cha pamba Blantyre akiwa na miaka 10. Chukua Stanley. Stanley ni Mwelshi, jamani! Alizaliwa Denbigh 1841, jina lake John Rowlands, akalelewa kwenye nyumba ya maskini. Miaka na miaka alijidai Mmarekani. Alificha mama, alificha kijiji, alificha mpaka lugha. Lakini daftari la ubatizo la kanisa lilikuwa limeshaandika jina lake, na kwamba ni mwana haramu. Mtu aliyetembea bara zima akiandika majina ya watu wengine alikuwa anakimbia jina lake mwenyewe.

Mi naona na sisi ni akina Stanley. Hatukosi daftari. Tunalikimbia.

Niseme yangu. Upande wa mama yangu, toka nikiwa mdogo nimeambiwa kwamba bibi wa bibi yangu alikuwa binti wa mtemi. Mtemi gani? Hapo kila mtu ana lake. Mjomba anasema wa Unyanyembe, mama mkubwa anasema wa kule Urambo kwa Mirambo, harusini wakishapata pombe wanakaribia kupigana. Likizo iliyopita nilikwenda parokia moja ya zamani huko kwetu. Mapadre wa zamani waliandika kwa Kilatini, mwandiko kama wa sisimizi. Padre kijana akanisaidia kusoma, Mungu ambariki. Tulimkuta. Mwaka 1901. Maria. Umri kama miaka 8. Kabila, Manyema. Wazazi hawajulikani. Na neno moja la mwisho kwamba amekombolewa.

Basi. Mistari miwili. Hakuna mtemi. Kuna mtoto wa miaka 8 aliyetoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, njia ile ile ya Ujiji mpaka Tabora, bila mama, mpaka mtu mmoja akaandika kwamba yupo.

Nilirudi nyumbani nikamwamkia bibi, nikamwambia. Hakushangaa! Alikaa kimya, akaendelea kuchambua mchele, akasema, "Nilijua. Bibi alikuwa analia usiku kwa lugha ambayo hatuijui." Ana miaka 80 na hakuwahi kumwambia mtu. Nilipomwambia mjomba ndipo moto ukawaka. Akaniambia nisome kilichonipeleka chuo, niache kufukua makaburi, na nikiandika popote atajua mimi si mtoto wa dada yake. Mjomba, shikamoo. Nimeandika.

Sasa wewe wa pili, unayesema Nyerere alishayamaliza. Natamani iwe kweli. Mwaka juzi binamu yangu alichumbiwa, barua ikaletwa, mahari ikaanza kuzungumzwa. Wazee wa upande wa pili wakaulizia ukoo mjini, wakarudi na jibu kwamba wale ni "watu wa kuja". Uchumba ukafa. Hakuna aliyesema neno utumwa, hapana, sisi ni watu wa adabu. Walisema tu kwamba nyota haziendani. Kumbe kuna watu ambao kumbukumbu wanazo sana, tena hawahitaji daftari, wanazitumia gizani dhidi ya wenzao. Anayenyimwa kumbukumbu ni yule inayemhusu. Ukimya wetu hauwaunganishi Watanzania, unamlinda mzee anayenong'ona barazani.

Na angalia nani hajawahi kuona haya. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, baba yake ni nani, babu yake ni nani, na baba yake alimuoa Karunde binti Fundikira. Hongera. Ukoo wa mwenye mali uko wazi, wa aliyebeba pembe haupo. Mpaka leo ukienda Kwihara unaonyeshwa tembe la Livingstone. Tembe zuri, nendeni. Lakini huyo Livingstone alipokufa 1873 kule Chitambo, nani alimbeba miezi tisa mpaka pwani? Walipita hapo hapo Unyanyembe na maiti. Mmoja wao, Jacob Wainwright, mtoto aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, aliandika shajara ya safari ile. Alifika London kwenye mazishi ya 1874. Na alikufa wapi? Urambo, 1892. Urambo! Hapo hapo kwetu tunapopita kwenda Kaliua. Mtoto wa Urambo anafundishwa tarehe ya kuzaliwa ya Mskoti, na hajui kwamba aliyeandika safari ya mwisho ya Mskoti huyo amelala wilayani kwake. Shajara yenyewe iko Blantyre, Scotland. Mwelshi wetu naye, makaratasi yake yako Tervuren, Ubelgiji. Kwa hiyo yule Mzungu akitafuta mizizi yake Scotland, hatuko mbali naye. Na mimi ya kwangu nusu iko huko!

Jumuiya ya Jiografia ya London ilitengeneza medali 60 kwa waliombeba Livingstone. Zilipofika Unguja wengi wao walishatawanyika, wako njiani na mzigo wa mtu mwingine. Frasila mbili kichwani, kilo 30 na kitu, ndiyo maisha.

Msidhani mambo haya yaliishia kwa Livingstone. Vita ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na pande zote walikuwa wanakamata vijana wetu kubeba mizigo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mchimba makaa wa Wales aliyekufa Ufaransa ana jiwe lake au jina lake ukutani. Mpagazi wa Sikonge aliyekufa kwa kuhara porini ni tarakimu. Tena tarakimu yenyewe wameacha pengo la watu laki mbili na zaidi katikati. Na hapo aliyeuliza si sisi. Walijiuliza wenyewe huko huko.

Huyo wa tatu, wa starehe za wenye hela, simjibu sana. Safari yangu ya parokia ilinigharimu nauli ya bodaboda na soda mbili. Wewe mwenyewe juzi ulinunua viatu, nimeviona.

Ninachotaka ni kidogo tu. Nyaraka za Wajerumani ziko hapa hapa Dar, Nyaraka za Taifa. Wajerumani walitoa maelfu ya vyeti vya uhuru kwa watumwa, na 1904 walitoa amri kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya Desemba 31, 1905 ni huru. Waingereza wakafuta utumwa Tanganyika 1922. Jamani, 1922! Bibi yangu alimjua mtu aliyezaliwa mtumwa, amekula naye ugali sahani moja. Idara ya Historia ina wanafunzi mamia, kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya vitu ambavyo vimeshaandikwa mara 40. Kila mtu apewe kijiji kimoja cha njia ile, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, Ujiji. Apige picha madaftari ya parokia kwa ruhusa, arekodi wazee kwa simu hiyo hiyo anayochatia. Wazee wanakufa, na madaftari yanaliwa na mchwa. Lile la Maria lina tundu la kidole katikati ya ukurasa, tumenusurika kwa mistari minne.

Najua kuna hatari, sijifanyi mjinga. Orodha hizo zikianikwa ovyo, mzee wa barazani atazitumia kuvunjia uchumba mwingine. Kwa hiyo sisemi tubandike majina ya watu ukutani. Nasema kila mtu atafute la kwake na aamue mwenyewe kulitaja. Mimi la kwangu nimelitaja. Maria, Manyema, miaka 8.

Jumatano nilimwonyesha Mzungu ile picha ya daftari. Aliiangalia muda mrefu, halafu akasema wake hawajawahi kukosa jina la mama. Hakusema kingine, akaninunulia chai.

Muhula ukiisha napanda treni kwenda kwetu. Bibi amesema anakumbuka maneno matatu ya ile lugha ya usiku, nataka niyarekodi kabla hajayasahau. Kama kuna mdau wa Kigoma au wa Kasongo kule Kongo anayejua lugha za Manyema, aniachie ujumbe hapa chini. Na kama unasoma Kilatini, zaidi. Neno moja kwenye mstari wa pili tulishindwa, linaanza na K na linaonekana kama jina la mahali.