Kuvaa rangi bila kuonja uchungu

Ukitoka ibadani leo, tazama vipepeo kwenye maua ya kando ya njia. Yuko mmoja mwenye mabawa ya rangi ya chungwa, ncha nyeusi na madoa meupe. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Angali kiwavi, hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini mwake. Ndege akimwonja, humtema, na hujifunza kuziepuka rangi zile.

Katika misitu yetu yuko mwingine, Papilio dardanus. Kiwavi wake hula majani ya jamii ya michungwa, wala hana sumu ile. Dume ni wa manjano mwenye mikia, lakini baadhi ya majike huzaliwa na rangi za Danaus, na wengine rangi za vipepeo wengine wenye sumu. Tofauti hiyo hubebwa katika kipande cha kromosomu moja. Kwa vizazi vingi ndege wamewala wasiofanana vizuri, wakabaki wanaofanana zaidi. Hayo ndiyo mageuzi, na sioni kwa nini Mkristo ayaogope. Muumba wetu hana haraka.

Lakini ulinzi huu hutegemea waigaji wawe wachache. Wakizidi, ndege huonja rangi zile na kukuta nyama tamu. Hapo hata mwenye sumu ya kweli huwa hatarini.

Kipepeo hana kosa, kwani hakuchagua mabawa yake. Sisi tunachagua. Tunavaa sare ya kwaya na msalaba kifuani, "Bwana asifiwe" haitutoki mdomoni, ilhali hatujaonja uchungu wa kusamehe, wa kurudisha tulichodhulumu, wa kusema kweli inayotugharimu. Mwenye duka alikukopesha kwa kuiamini sare yako, nawe ukabadilisha njia usimwone. Kesho mjane mwaminifu wa kanisa lako akienda kukopa unga, atarudi mikono mitupu kwa sababu yako.

Nabii Samweli naye alivutiwa na umbo la Eliabu, hadi Mungu alipomkumbusha habari za moyo.

Basi kabla ya kupiga pasi sare ya Jumapili ijayo, pita kwanza dukani ukalipe deni lile. Utaona uchungu, lakini mjane atapata unga.

Jumapili njema.